Siku nane Sisilia kwa chakula na mvinyo: ratiba hii inawezekana?

MtaitaMunich

Hamjambo wanajamvi. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa saba Munich. Oktoba hii mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumekubaliana zawadi iwe moja tu: twende tukale vizuri. Tumechagua Sisilia, siku nane kuanzia tarehe 3. Tiketi za ndege kwenda na kurudi Catania tumeshakata.

Niwaeleze tulivyo ili mnishauri vyema. Mimi napenda mvinyo. Nilijifunza kuonja hapa Ujerumani kwa mwenzangu wa kazini, na siku hizi kibandiko cha chupa nakisoma kama barua. Mume wangu ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, Mwislamu. Hanywi, na nguruwe hali. Sitaki hata siku moja aketi mezani na glasi ya maji akinisubiri nimalize raha zangu. Safari hii ni yake pia, na yeye ni mtu wa samaki na wa vitamu.

Ratiba niliyoipanga: Palermo tulale siku mbili, Trapani na Marsala moja, Pantelleria moja, Agrigento moja, Modica na Siracusa moja, Etna moja, Taormina moja. Tutakodi gari.

Je, inawezekana? Na mume wangu atakula nini?

UmmuSalha

Mdogo wangu, hongera kwa miaka kumi. Mimi ni wa Ng'ambo, Unguja, na Palermo naishi tangu 2009.

Pantelleria itoe kabisa. Ni mbali, iko karibu na Tunisia kuliko na Sisilia yenyewe, na upepo ukivuma meli hazitoki. Utalala bandarini Trapani ukitazama bahari.

Lakini kama mumeo ni mtu wa samaki na vitamu, mlete huku kwetu magharibi. Mpeleke soko la Ballarò saa nne asubuhi, wakati panelle zinatoka kwenye mafuta. Ni unga wa dengu, unasongwa na maji motoni mpaka ushike, unatandazwa mwembamba, unakatwa na kukaangwa, kisha unatiwa ndani ya mkate wenye ufuta na kukamuliwa limau. Mtu aliyekulia bajia za Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Halafu Trapani, kuskus ya samaki. Semolina inaviringishwa kwa vidole ndani ya bakuli kubwa la udongo, kwa matone ya maji, kidogo kidogo, nusu ya asubuhi yote. Kisha inapikwa kwa mvuke na kumwagiwa mchuzi wa samaki wa kila namna. Waarabu walitua Mazara mwaka 827, na kuskus hiyo naihesabu kuwa yetu sote.

Na asiache kula pasta con le sarde: dagaa wakubwa, shamari pori, zabibu kavu na mbegu za msonobari. Utamu na chumvi sahani moja. Mimi hupika nikiwa na hamu ya pilau.

BabaMzabibu

Shikamoo dada Ummu Salha. Na wewe dada wa Munich, pokea hongera zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Hombolo, Dodoma. Baba yangu analima zabibu mpaka leo, na nimekua nikizibeba kwenye matenga miaka mingi kabla sijajua kwamba wako watu wanaopanda ndege kwenda kuzitazama shambani. Sisilia niliishi miaka tisa. Sita kati ya hiyo nilikuwa mpishi katika nyumba ya wakulima wanaopokea wageni, karibu na Solicchiata, upande wa kaskazini wa Mlima Etna. Msimu wa mavuno jiko lilikuwa linafungwa mchana na sote tunashuka shambani.

Ombi langu la kwanza: ratiba hiyo ifute yote. Sisilia ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Mediteranea, zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Unguja ingeingia humo mara kumi na tano. Catania mpaka Palermo peke yake ni kama kilomita 200. Ukifuata mpango wako mtakula sandwichi za vituo vya mafuta, na miaka kumi ya ndoa haistahili hivyo.

Lala Catania siku mbili, panda mlimani ulale siku tano nyumba moja, rudi Catania siku ya mwisho. Basi. Magharibi dada Ummu Salha amesema kweli tupu, ila huko ni safari nyingine, ya miaka kumi na mmoja.

Kwa nini Etna, na kwa nini siku tano? Kwa sababu mnakuja Oktoba. Kule Marsala na Pantelleria mavuno huanza Agosti, mkifika mashamba yatakuwa yamenyamaza. Etna mizabibu iko juu, kuanzia mita 400 hivi hadi kukaribia 1,000, na usiku ni baridi, hivyo zabibu nyekundu ya huko, Nerello Mascalese, hukawia kuiva. Kwa kawaida huvunwa Oktoba. Mtakuta matrekta madogo barabarani, nyigu juu ya makreti, na harufu ya maji ya zabibu yanayoanza kuchacha inatoka kwenye kila mlango. Harufu hiyo haiingii kwenye chupa. Lazima uwepo.

Siku yangu ya kwanza shambani niliona aibu kwa kutojua. Kwetu Hombolo ardhi ni tambarare, jua halina huruma, na mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Pale udongo ni mweusi kama mkaa uliosagwa, umepangwa kwa ngazi zilizozuiwa na kuta za mawe ya lava, hakuna saruji hata kijiko. Mizabibu mingine ni mizee, imesimama mmoja mmoja kama vijiti vya kichaka, kila mmoja umefungwa kwenye nguzo ya mti wa chestnut. Mtindo huo wanauita alberello. Trekta haliingii. Mzee mwenye shamba alinipa mkasi wa kupogolea, akaniambia nikate kwa kuinama na si kwa kuchuchumaa, la sivyo kufika Alhamisi sitaweza kutembea. Alikuwa sahihi.

Mvinyo wenyewe utakushangaza. Nilitarajia kitu cheusi kizito, nikamiminiwa kitu chepesi cha rangi kama maji ya rosela yaliyozimuliwa. Kisha ukanywa, ukakasi ukashika ufizi, na nyuma yake ladha kama ya cheri na moshi. Nyeupe ya huko ni Carricante, kali kama ndimu, ina chumvichumvi mwishoni. Iliyo bora zaidi hutoka Milo, upande wa mashariki, unaotazama bahari. Kwa kuwa unasoma vibandiko, tafuta neno "contrada", yaani kitongoji, likifuatwa na jina. Etna imetapika lava mara nyingi kwa karne nyingi, kila mtiririko umri wake na udongo wake, hivyo shamba hili na lile la ng'ambo ya ukuta hutoa mvinyo tofauti. Watu wa pale walilijua hilo zamani. Etna ilipata alama ya DOC, inayothibitisha asili ya mvinyo, mwaka 1968, ya kwanza Sisilia, lakini mashamba mengi yalikuwa yameachwa, vijana wameondoka. Watu walianza kurudi kidogo kidogo mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa nguvu kuanzia miaka ya 2000. Nimefanya kazi na mwanamume aliyerudi kutoka viwanda vya Ujerumani kuja kufukua ngazi za babu yake kwa jembe. Ndiyo maana nasema kaa siku tano. Hawa si watu wa kuwapitia kwa nusu saa.

Kati ya Passopisciaro na Randazzo barabara inakata mtiririko wa lava wa 1981. Simamisheni gari hapo. Chini ya mawe yale kuna mizabibu.

Kuhusu kutembelea wazalishaji: andika barua pepe wiki tatu kabla. Wengi ni familia, na Oktoba wana kazi. Usipange zaidi ya wawili kwa siku, na mmoja awe wa chakula cha mchana. Uliza bei kabla hujakubali, kwa sababu kuonja kwingi siku hizi kunauzwa pamoja na chakula. Kutema si ufidhuli, ndoo huwekwa mezani kwa kazi hiyo. Na beba sweta nene.

Sasa shemeji. Hapa nitasema wazi: Etna ni nchi ya nguruwe. Soseji ya Linguaglossa ni nguruwe, mchuzi wa Jumapili ni nguruwe, na ukimwambia bibi wa pale kwamba hamli nyama ya nguruwe anaweza kuwatolea ham akidhani amewasaidia. Kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba mapema, na baada ya hapo shemeji atakula kuliko wewe. Oktoba ni mwezi wa uyoga mlimani. Kuna ricotta, jibini laini, ya kondoo ya moto asubuhi, inakuja bado inatoa mvuke, unaichovya kwa mkate. Kuna caponata, biringanya na zeituni na selari zilizotiwa siki na sukari, inaliwa ikiwa imelala usiku mmoja. Mvua zikiwahi, kuna caliceddi, mboga chungu ya porini. Mimi niliiunga kwa vitunguu na mafuta ya zeituni nikaona nimerudi kwenye mchunga wa nyumbani. Zafferana wana asali ya kila ua. Bronte wana pistachio, ila miti yake huvunwa mwaka mmoja na kupumzishwa mmoja, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili.

Na kitu ninachokitamani mpaka leo: mostarda. Maji ya zabibu yaliyokamuliwa asubuhi, kabla hayajaanza kuchacha, yanachemshwa, yanatiwa wanga na mdalasini, yanamiminwa kwenye vibao vya udongo vyenye michoro na kuachwa yagande. Hakuna pombe ndani yake, ni zabibu tupu. Hutengenezwa wakati wa mavuno. Mwambie mwenye nyumba kwamba mume wako hanywi mvinyo na angependa kuonja shamba lake kwa njia hiyo. Utaona uso wake.

Kidundo_Ragusa

Baba kasema yote ya maana, naongeza la gari. Katikati ya miji mingi ya Italia kuna maeneo ya ZTL, yenye kamera. Ukiingia huna kibali, faini inakufuata hadi Munich. Catania acheni gari nje ya katikati, au mlikodi siku mnapopanda mlimani tu. Kiwango cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mwenye leseni chini ya miaka mitatu haruhusiwi hata tone. Kama shemeji hataki kuendesha kila siku, kuna treni ndogo ya Circumetnea inayozunguka mlima, inapita Bronte, Randazzo na Linguaglossa. Jumapili kwa kawaida haitembei, angalieni ratiba.

MtaitaMunich

Asanteni mno. Nimesomea mume wangu ujumbe wa Baba kwa sauti jikoni, nilipofika kwenye mchunga akaniambia soma tena. Tumefuta ratiba.

Maswali mawili. Vitamu: cannoli (maganda ya unga yaliyojazwa ricotta), brioche (mkate laini), granita (barafu tamu), hivyo ni salama kwake? Na mimi nilikuwa na hamu sana na mvinyo wa Marsala, je, bila kwenda huko nitaupata?

UmmuSalha

Marahaba Baba. Umenishinda, na kwa ajili ya Oktoba nakubali.

Mdogo wangu, vitamu nakujibu mimi, maana ndiyo niliyohangaika nayo mwaka wangu wa kwanza. Jifunze neno moja: strutto. Ni mafuta ya nguruwe, na yamo mahali usipotarajia. Ganda la cannoli kwa asili huwa na strutto ndani ya unga, hukaangwa humo humo, na juu yake unga huo hutiwa Marsala au mvinyo mwingine. Siku hizi wapo wanaotumia siagi na mafuta ya mbegu, kwa hiyo uliza kila duka, usikisie. Brioche nazo wengine hutia strutto, wengine siagi. Sema "senza strutto, senza alcol" na uwatazame usoni wakijibu. Arancini, yale madonge ya wali ya kukaanga, zenye nyama ziache, nyama huwa ni mchanganyiko.

Zilizo safi: granita yenyewe, ni maji, sukari na tunda au lozi. Matunda ya martorana, ambayo ni lozi na sukari yaliyofinyangwa na kupakwa rangi. Chokoleti ya Modica, kakao na sukari bila maziwa, punje za sukari unazitafuna. Inauzwa Catania pia, hamhitaji kufika Modica.

BabaMzabibu

Dada Ummu Salha amemaliza. Mimi naongeza tu namna ya kula granita: saa mbili asubuhi, ndicho kifungua kinywa. Shemeji achukue ya lozi. Zamani ilitengenezwa kwa theluji ya Etna iliyofukiwa mapangoni tangu baridi, ikashushwa usiku kwa nyumbu. Mkimaliza ingieni soko la samaki nyuma ya Piazza Duomo kabla ya saa nne, wakati sulisuli bado wamelazwa na upanga wao juu ya meza.

Marsala ipo Catania, usiwe na wasiwasi. Usinunue ile ya dukani ya kupikia. Omba iliyoandikwa "Vergine": imekaa ndani ya mapipa miaka mitano au zaidi, na haitiwi utamu wowote. Marsala ilijulikana ulimwenguni kupitia mfanyabiashara Mwingereza, John Woodhouse, aliyeiongezea pombe kali mwaka 1773 ili istahimili safari ya bahari, na wengi wanaanza hadithi hapo. Mimi nakuomba uanze nyuma zaidi, kwenye jina. "Marsa" ni bandari kwa Kiarabu. Na ile zabibu ya Pantelleria, inayotoa mvinyo mtamu wa passito, wao wanaiita zibibbo.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nakata vitunguu. Mwenye nyumba aliingia na kreti, akasema "zibibbo", nami nikamjibu kwa Kiswahili bila kufikiri, "ndiyo, zabibu". Tukasimama tukitazamana. Neno limetoka kwa Waarabu, likafika kwake kwa upande mmoja wa bahari na kwa baba yangu Hombolo kwa upande mwingine. Tangu siku ile aliacha kuniita kwa jina la kazi, akaniita Zibibbo.

Passito si ya shemeji, lakini zibibbo mbichi na kavu ni zake. Atafute sokoni.

MtaitaMunich

Tumerudi Jumapili. Nina deni la kuwaeleza.

Granita ya lozi mume wangu alikula kila asubuhi tuliyokuwa Catania. Brioche ya duka la kwanza tuliulizia, wakasema strutto, tukashukuru, tukaenda la pili, wakasema siagi. Sokoni alisimama mbele ya muuza pweza kwa dakika ishirini, hawana lugha moja, wanaelezana kwa mikono namna ya kumlainisha.

Mlimani tulilala karibu na Linguaglossa. Nilimwandikia mama mwenye nyumba kama ulivyosema, Baba. Siku ya tatu walikuwa wanakamua. Alimwita mume wangu kutoka uani, akampa kikombe cha maji ya zabibu yaliyotoka dakika ile, kisha akamfunga aproni na kumpa mwiko akoroge mostarda. Alikoroga karibu saa nzima bila kuachia. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na glasi ya Carricante ya shamba lile lile, na yeye analamba mwiko wa shamba lile lile. Ndicho nilichokitaka nilipoandika swali langu, ila sikuwa na maneno yake.

Tulisimama kwenye lava ya 1981. Mume wangu alisoma dua fupi, kwa walioipoteza mizabibu.

Swali la mwisho, Baba: mama yule alitupa vipande tisa vya mostarda, vimegandishwa kwenye kibao cha samaki na cha jogoo. Vimeanza kulegea na unyevu wa hapa. Nifanyeje visiharibike kabla sijampelekea mama mkwe Mombasa mwezi wa kumi na mbili?

BabaMzabibu

Havijakauka vya kutosha. Vitoe vyote, vipange juu ya kitambaa cha pamba karibu na kipasha joto, visigusane, uvigeuze asubuhi na jioni kwa siku nne au tano mpaka vikidondoka mezani vitoe sauti ya mti. Kisha kwenye kopo la bati, kila safu na majani makavu ya bay (kiungo) juu yake, funga. Mimi vilinikalia tangu Oktoba mpaka Pasaka. Mama mkwe apewe na kahawa chungu. Na kile cha jogoo kiache kizima, usikikate.